Mashine Iliyosahau Nani Amesema

Wadogo zangu wa biro, ofisi yetu hii ya maji, kabla sijarudisha funguo mliniomba niwaandikie jinsi mashine ya ujumbe ilivyotengenezwa, maana mnaifungua kila siku na mnakuta ndani mistari yangu iliyofutwa na hamjui kwa nini. Nitaandika. Vyeo sitavitaja, nilipata vitatu, na kimoja kilikuwa kosa la karani. Mshahara mnaujua wenyewe. Lakini kuna mchana mmoja ambao sijawahi kuusimulia mbele yenu, na kila mlipouliza kuhusu mistari ile nilijifanya natafuta miwani. Nitaufikia. Nianze mwanzo kwanza, la sivyo hamtaelewa kosa lilikuwa wapi.

Nilikuja biro nikitoka kufundisha hesabu darasa la sita. Ndiyo maana mpaka leo Uvira nzima inaniita Madame Riziki, hata watu ambao sikuwahi kuwapa sifuri. Siku ya kwanza nilitegemea meza. Nikakuta chumba kimoja, betri ya lori chini ya dirisha, simu yenye kioo kilichopasuka iliyofungwa kwa mpira, kompyuta nzee, na mlango wa mbao uliopakwa rangi nyeusi na kuegemezwa ukutani. Mbele ya mlango alisimama Papa Kashindi, mzee mwembamba mwenye chaki sikioni. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi. Hakuniuliza nimesoma nini. Alichora duara tano kwenye mlango, akaziunganisha kwa mishale, akanipa chaki.

"Madame, ingia hapa," akasema, akigonga duara ya kwanza. "Soma neno moja moja, fuata mushale. Ukifika hapa mwisho, ujumbe ni muzuri. Ukikosa njia, unasema sijue. Njo kazi yote." "Njo" yake ni ndiyo ya shuleni.

Nikamwambia mchezo huo wanafunzi wangu wangeuweza. Akajibu kwamba wanafunzi wangu hawakuomba kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa kando ya mto na kando ya ziwa walituandikia kwa simu kuhusu maji: yamejaa, yamepungua, yamevuka barabara. Mashine ilisoma na kugawa ujumbe mafungu matatu: hatari, salama, na sijui. Hatari na salama zilikwenda kwa Byamungu, mtangazaji wa radio ya mtaa, naye akawatangazia watu. Fungu la sijui lilisomwa kwa macho, na macho yalikuwa yangu. Mtaniuliza kwa nini hatukutumia mashine kubwa za ng'ambo. Mvua ikinyesha mtandao unakufa, na mashine zile hazijawahi kukaa Mulongwe, mtaa wetu wa kando ya mto, zikasikia tunavyoongea.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu. Wakulima wa mpunga wa Bwegera waliandika "amazi" kwa Kirundi chao, nasi tulikuwa tumeifundisha mashine "maji" na "mayi" tu, kwa hiyo bonde zima likaangukia kwenye sijui mpaka mkulima mmoja akapiga simu kuuliza kama tumelala. Mvuvi wa Makobola naye alikuwa haandiki habari ya mawimbi kabla hajasalimia biro, watoto wa biro, na mke wangu. Mke sina, maana mimi ndiye mke. Papa Kashindi alinikataza kucheka. Alisema mtu anayesalimia kwanza anakupa nafasi ya kukaa chini kabla hujasikia, na mashine nayo lazima ijifunze kukaa. Tukaongeza duara ya salamu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Sentensi inaweza kubeba sentensi nyingine tumboni, na ile nayo ikabeba nyingine. Feza anasema kwamba Sifa alimwambia kwamba mto umejaa. Ukiingia ndani ya maneno ya Sifa, ni lazima ukumbuke kwamba ulipitia kwa Feza, ili ukitoka ujue unarudi kwa nani. Sarufi inayoingia na kutoka namna hiyo vitabu vinaiita sarufi isiyotegemea muktadha, jina ambalo halijawahi kumsaidia mtu. Inataka kumbukumbu inayorefuka kadiri maneno yanavyobebana. Kompyuta yetu haikuwa nayo. Siku za mvua ilikwama kwenye ujumbe mmoja mrefu huku nyingine zikijipanga nyuma yake.

Otomati, zile duara na mishale za mlangoni, ni mashine maskini zaidi. Inajua jambo moja tu: iko kwenye duara gani sasa hivi. Ilikotoka imeshasahau. Lakini ina mbio na haikwami. Kwa hiyo tulichukua sarufi nzima tukatafuta otomati inayoikaribia, tukijua haitafanana nayo kabisa. Kukaribia kuna njia mbili, na hapo ndipo mimi na Papa Kashindi tulipogombana.

Njia yake ilikuwa kunakili duara. Seti moja kwa msemaji wa kwanza, seti nyingine kwa aliyebebwa ndani yake, basi. Ujumbe ukizidisha wasemaji wawili, mashine inasema sijui na mtu anausoma. Njia yangu ilikuwa kutumia seti moja kwa wote. Unaingia kwa mlango wowote, unatoka kwa mlango wowote, mashine haiulizi ulikuwa wa nani. Namna hiyo haisemi sijui hata siku moja. Inakubali kila ujumbe mzuri, na pamoja nao inakubali mambo ambayo sarufi yenyewe ingeyakataa, kwa sababu mara nyingine inamtoa mtu kwa mlango wa jirani.

"Ile ya sijue njo kazi yetu, Madame," alisema. "Ile ingine ni ya mashine."

"Papa Kashindi, macho yangu ni mawili tu. Jana nimesoma mpaka herufi zikaanza kutembea."

"Zikitembea, zifuate."

Nilikasirika. Nilikuwa nimechoka kweli, na nilikuwa mwalimu wa hesabu, sikuzoea kushindwa ubishi mbele ya ubao. Nikaandika sentensi za majaribio, nyingi, nikazipitisha kwenye otomati yangu. Zote zikatoka sawa. Nikamwonyesha. Alizitazama kwa muda, akafuta duara zake mlangoni kwa kiganja, akasema, "Haya." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu mimi ni zima mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma.

Maana sentensi zile za majaribio niliziandika mimi, nimekaa kwenye kiti, mjini, mahali ambapo kila mtu anauona mto kutoka mlangoni kwake. Nani angebeba maneno ya mwenzake? Huko juu milimani, mto unakotoka, simu hazishiki. Aliyeona anamtuma mtu, naye anamwambia mwingine, mpaka habari ifike kwenye kilima chenye mtandao. Na kwetu huwezi kupeleka habari bila kutaja uliyeipokea kwake, naye aliyeipokea kwa nani. Ukiileta bila mwenyewe wanakuona mbea. Nimelelewa hivyo. Nilijua kabisa, na nilipokaa mbele ya kompyuta sikukumbuka. Habari nzito kuliko zote ndiyo iliyokuwa ikija imebebwa na watu wengi kuliko zote, na hiyo ndiyo niliyoipa mashine ruhusa ya kusahau imetoka kwa nani.

Ilifanya kazi vizuri msimu mzima. Nililala, nikanenepa kidogo.

Mchana wenyewe ulikuja baada ya siku tatu za mvua. Watu wa kando ya mto Mulongwe walikuwa wamepanda kwenye mwinuko tangu asubuhi, kwa tangazo letu, na tangazo hilo lilikuwa sahihi. Kati yao alikuwa Feza, mdogo wangu wa tumbo moja, na jirani yake Sifa, muuza makaa, mama wa watoto wanne. Saa nane mvua ilipungua. Kwenye saa tisa mto ulishuka ghafla, ukabaki mawe na matope. Simu yetu ikaanza kulia bila kupumzika. Mayi imepunguka. Mayi imeisha. Mayi imepunguka kabisa. Mashine ikawa inagawa haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu, na fungu la salama likajaa.

Byamungu akapiga.

"Madame, batu banataka kurudi kuchukua bintu byabo. Banauliza. Niseme nini?"

Nilitazama kioo. Salama, salama, salama. Hatari hakuna hata moja, na sijui, kwa ustadi wangu, haikuwepo tena. Nikamwambia, "Soma. Hali ni salama." Akasoma hewani nikimsikia kwenye kiredio chetu. Hakutaja jina la mtu, kwa kuwa mimi sikumpa.

Papa Kashindi alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha akipangusa maji yaliyoingia kwenye betri. Akainua kichwa.

"Nani amesema?"

"Wote wanasema."

"Wote ni nani, Madame? Kuna mwenye amesema kutoka huko juu?"

Niligeukia kioo. Jina la aliyesema mashine haikuwa nalo, nilikuwa nimelitoa. Ikabidi nifungue ujumbe wenyewe, mmoja mmoja, kama ulivyoandikwa. Mulongwe, Mulongwe, sokoni, daraja, Mulongwe. Kisha nikauona, katikati ya salama, mrefu kuliko yote:

"Bonjour biro. Ni minye Bahati wa ku kilima. Muke wa Safari amefika hapa na miguu, iko anasema kama Maman Nabintu amemutuma aseme kama musisikilize bale banasema kama mayi imeisha mu muto. Mulima njo imeanguka, imefunga muto huku juu. Mayi yote iko nyuma yake."

Nilisoma mara mbili, kila "kama" yake nikiisoma "kwamba". Mashine iliingia kwa Bahati, ikaingia kwa muke wa Safari, ikaingia kwa Maman Nabintu, na kwa kila mlango ilisahau ule wa kabla yake. Lile onyo la kutosikiliza lilibaki kwenye chumba ambacho haikukumbuka tena. Ilipofika kwenye "mayi imeisha mu muto" ikayachukua kuwa maneno ya Bahati mwenyewe. Mlima haukuwemo kwenye kamusi yetu, na neno isilolijua otomati yangu ililiruka. Tuliiita mashine ya maji, tukaandika maneno ya maji. Ikatoka kwa mlango wa jirani, ikauweka ujumbe kwenye salama.

Nikampigia Byamungu. Mtandao ulijaa. Nikampigia Feza, simu imezimwa. Nikapiga tena, na tena, nikaona napoteza dakika. Papa Kashindi alikuwa ameshafungua mlango wa nje. "Kimbia ku radio, Madame. Minye nitapiga simu."

Nilichukua pikipiki ya kwanza niliyoiona. Dereva alitaka kuzungukia kwenye lami kwa sababu ya matope, nikampigia kelele kama nilivyokuwa nikiwapigia watoto wa darasa la sita, akapita katikati. Tulipokuwa tunavuka barabara ya chini niliona watu wakishuka kwa makundi, wamebeba mabeseni matupu, wengine wakicheka, maana hofu ilikuwa imewatoka. Niliwapigia kelele wapande tena. Walinipungia mkono. Nilikuwa mwanamke mmoja juu ya pikipiki, na radio ilikuwa imesema.

Byamungu alikuwa ameweka wimbo wa kwaya. Nilimsukuma na kiti chake. Nikaongea kwenye kipaza sauti bila salamu, bila chochote: "Ni minye Riziki, wa biro ya mayi. Nimekosea. Maman Nabintu wa huko juu ametuma kama mulima imefunga muto. Mayi itakuya. Mupande. Musichukue kitu, mupande." Nikarudia. Nilirudia mpaka sauti ikakauka, na Byamungu akanipokea akaendelea, akitaja majina yote, Bahati, muke wa Safari, Maman Nabintu, tena na tena.

Sijui ilikuwa muda gani. Kiti kilitikisika kwanza, halafu ndipo nikausikia mto ukija. Byamungu aliacha kuongea.

Feza nilimpata jioni, kabla giza halijaingia, kwenye ukumbi wa shule ambako watu walikuwa wamejaa na matope mpaka magotini. Nilimkumbatia. Yeye hakunikumbatia. Alikuwa anatazama pembeni yangu.

"Yaya," akasema, maana dada mkubwa kwetu ni yaya, "Sifa alibaki."

Tukakaa chini. Akanieleza taratibu, akitazama mikono yake. Tangazo la kwanza liliposomwa, watu walisita. Wanawake hasa. Radio ilisema ni salama lakini haikusema nani ameona. Sifa alimgeukia Feza akamuuliza: "Ni nani amesema?" Na Feza, anayejua nafanya kazi wapi, akamjibu kwa uhakika: "Ni yaya yangu. Ni Madame Riziki njo amesema." Hapo Sifa akachukua beseni lake. Walishuka pamoja. Tangazo la pili Feza alilisikia kwenye duka la unga, akarudi mbio akimwita. Sifa alikuwa ndani, anavuta godoro la watoto.

"Minye njo nilimwambia ni weye," Feza akasema. Akaanza kulia, nami nikalia naye.

Kesho yake matanga ya Sifa yaliwekwa. Mimi nilikwenda biro. Nilijiambia kuna kazi ya haraka, na kweli ilikuwepo, lakini wadogo zangu, nilikuwa nayakimbia matanga. Papa Kashindi alisafisha ule mlango mweusi, akanipa chaki. Nikachora seti ya kwanza ya duara, nikachora ya pili. Baada ya ya pili nikachora mshale mmoja unaotoka kwenda sijui. Nikafuta mistari yangu ndani ya kompyuta, ile mnayoiona, sikuitoa kabisa, nikaiacha ionekane kwamba iliwahi kuwepo. Tukaongeza mlima, na jiwe, na mti ulioanguka. Tukaweka pia kwamba hakuna fungu linalotoka biro bila jina la aliyeona. Mkija siku moja na mashine yenye kumbukumbu ya kutosha, ipeni sarufi nzima, sitawaonea wivu. Ila hata hiyo iachieni mahali pa kusema sijui, na mtu wa kusoma. Tulimaliza mchana. Nilianza kupanga chaki kwa urefu.

"Madame," Papa Kashindi akasema, "chaki haifiwi."

Nikaenda matangani.

Mume wa Sifa ni mvuvi, wanamwita Papa Amani. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya kaka yake, watoto wamelala wamemwegemea. Kila anayefika kwenye matanga huelezwa jinsi ilivyotokea, na anayeeleza ni mwenye msiba. Nilimpa mkono, nikabaki nimesimama. Hakunijua. Yeye hushinda ziwani, mimi hushinda biro. Akaanza kueleza kama alivyomweleza kila mtu tangu asubuhi, sauti yake imechoka:

"Minye nilikuwa ku ziwa. Nimesikia kwa Feza, jirani. Feza iko anasema kama bibi yangu alimuuliza kama ni nani amesema banaweza rudi. Feza akamwambia kama ni yaya yake. Yaya yake, banasema, ni Madame moja wa biro ya mayi." Akapangusa uso. "Huyo Madame minye simujue. Sijue naye alisikia kwa nani."

Wawili kati ya wanaume waliokaa naye walikuwa wananijua, niliwafundisha watoto wao, na waliinamisha macho. Ningeweza kusema pole nikaondoka. Miguu yangu ilitaka hivyo.

"Ni minye," nikasema. "Ni minye Riziki. Nilisikia kwa Maman Nabintu, ule wa huko juu. Yeye alisema musirudi. Minye njo nilisema murudi."

Papa Amani alinitazama. Kisha akamwinua mtoto mdogo aliyelala upande wa kulia, akamweka mapajani, na pale mtoto alipokuwa amelala pakabaki wazi. Nikakaa.